Mjadala: Hasara ya mbegu mbovu tuihesabuje?

Wadau, kila bidhaa feki zinapoteketezwa tunatajiwa thamani yake kwa bei ya dukani, na wengi wanaichukua hiyo kuwa ndiyo hasara yenyewe. Juzi mchangiaji mmoja ameandika kwamba mbegu mbovu humpotezea mkulima bei ya pakiti tu, akanunue nyingine. Nakataa kabisa.

Mjomba wangu analima mahindi Kilosa. Masika moja alipanda ekari mbili kwa mbegu ya dukani, pakiti haina doa. Siku ya kumi nilipita naye shambani: mstari mzima una miche mitatu minne. Akifukua shimo anakuta punje imelainika, inanuka. Mpaka anapata hela ya kurudishia, mvua zimeshakaribia kukata. Trekta alishalipa, vibarua alishalipa, mbolea ya kupandia iko ardhini. Katika gharama zote hizo, pakiti ndiyo ilikuwa ndogo. Desemba ile mkulima wa mahindi alikuwa ananunua unga kwa kilo.

Mtasema angekwangua lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na kuhakiki kwa simu. Sawa, akwangue. Lakini lebo halali haisemi kama pakiti ilikaa miezi mingapi chini ya bati la moto.

Kuna hasara nyingine ambayo naiona kubwa zaidi: mkulima kupoteza imani. Utafiti wa Uganda uliochapishwa 2017 ulikuta mbolea ya madukani imepungukiwa asilimia 30 ya virutubisho kwa wastani, na mbegu chotara halisi hazifiki nusu. Wa Morogoro, 2021, ukakuta kinyume: urea karibu yote ilikuwa na naitrojeni yake ya asilimia 46 kama inavyotakiwa, ila wakulima wengi waliamini imechakachuliwa, wakiona mabonge tu wanaikataa. Mbolea nzima, imani imekufa! Namwelewa mkulima huyo, kwa sababu mjomba naye tangu mwaka ule hagusi mbolea ya dukani, anapanda mbegu aliyoweka mwenyewe.

Magunia anayokosa kila msimu kwa woga huo hayamo kwenye hesabu ya bidhaa zilizoteketezwa. Mimi nasema yahesabiwe, na muuzaji akikamatwa faini ilingane na shamba, siyo na pakiti. Mnaopinga, semeni: msimu wa mkulima mnauwekea bei gani?