Mrejesho: bei ya miti ambayo bado haijakatwa

Niliuliza kama nikubali bei moja ya kununulia miti yote kwa pamoja, aliyoitaja mwenye shamba la misonobari, au nipime kwanza. Nilipima. Nilichukua kipenyo cha kila mti kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, nikakadiria ujazo, kisha kutoka katika thamani ya mbao zitakazopatikana nikaondoa gharama za kukata, kuburuta magogo, kusafirisha na kupasua, pamoja na faida yangu. Kilichobaki ndicho ningeweza kulipa, nacho kilikuwa chini sana ya bei yake. Baadhi ya miti ilikuwa imeoza ndani, jambo ambalo nililigundua kwa kuigonga tu. Hatimaye tumekubaliana nilipe kwa kila mita ya ujazo, magogo yakishapimwa.