Mfuko umeandikwa HIKORI, ndani sijui ni mti gani: hadi lini tutauziwa peleti kwa picha?

Ndugu wanajukwaa, naanzisha uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Wiki iliyopita nilinunua mfuko wa kilo 9 wa peleti za jiko la moshi, yaani vipande vidogo vya unga wa mbao uliogandamizwa, vinavyochomwa ili nyama iive polepole na kushika harufu ya moshi wa mti. Mbele umeandikwa HIKORI, mti mgumu unaopendwa kwa harufu ya moshi wake, kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara, na chini yake imechapwa picha ya kidari cha ng'ombe kinachong'aa kwa mafuta. Kidari changu kilipokwisha kuharibika ndipo nilipougeuza mfuko na kusoma, kwa herufi zilizonilazimu kutafuta miwani, kwamba kilichomo ni mchanganyiko wa miti migumu ikiwemo hikori. Hikori ni kiasi gani? Hakuna asilimia. Miti mingine ni ipi? Haikutajwa.

Mchanganyiko wenyewe sina ugomvi nao. Mwaloni huwaka kwa utulivu, na kuufanya msingi kisha kuongezea hikori au mcheri ni jambo la busara ambalo hata mimi ningelifanya. Ninachopinga ni kufichwa. Moshi wa peleti kwa asili yake ni mwepesi kuliko wa magogo, kwa hiyo anayechagua hikori kwa ajili ya nyama ya ng'ombe, au mtofaa kwa ajili ya kuku, analipia tofauti ndogo ya harufu, na tofauti hiyo ikipunguzwa kimyakimya hakuna alichonunua. Zipo hata peleti ambazo harufu yake imetokana na mafuta yaliyochanganywa na unga wa mti mwingine kabisa, nazo pia huvaa jina la mti ule ule mbele ya mfuko.

Hilo la lebo pengine ningelimeza, kama peleti zenyewe zingekuwa nzima. Peleti njema hung'aa kidogo, na ukiivunja kwa vidole hukatika kwa mlio. Hizi zilikuwa zimefifia, zikapukutika mkononi kama biskuti iliyolala nje, na chini ya mfuko nikakuta vumbi la kujaza bakuli. Kwa kawaida peleti haihitaji gundi: lignini iliyomo ndani ya mbao hulainika kwa joto na mgandamizo wa mashine, kisha ikipoa hushikilia unga pamoja. Unyevu ukiingia, peleti huvimba na kurudi kuwa unga. Mfuko wangu haukuwa na tundu hata moja, na niliufungua siku ile ile niliyoununua, kwa hiyo unyevu huo haukuupata kwangu.

Nililiweka jiko kwenye nyuzi 107 za Selsiasi jioni, nikaenda kulala. Saa nane usiku kipimajoto kikanionyesha 96, na muda mfupi baadaye 80. Vumbi lilikuwa limekaba parafujo inayopeleka peleti kwenye kikombe cha moto, na kilichokuwa kikifika huko kilikuwa kinafukuta tu bila kuwaka. Kidhibiti cha jiko kikiona joto linashuka hakijui kingine ila kuongeza peleti, hivyo kikaendelea kujaza kikombe ambacho moto wake ulikuwa umekwisha kuzimika. Nikawasha upya bila kukifungua na kukisafisha kwanza (hapo nilikosea, nakiri, na tafadhali msinihubirie). Ukatoka moshi mzito mweupe, ukaizunguka nyama kwa muda wa kutosha kuimaliza. Asubuhi kidari kilikuwa chungu kama shubiri.

Niliporudi dukani, muuzaji alinijibu kwamba peleti ni peleti, akanionyesha mfuko mwingine wa bei nafuu zaidi wenye alama ya ENplus A1, akasema huo ndio wenye ubora uliothibitishwa. Jibu hili limenikera kuliko hasara yenyewe. ENplus ni alama ya peleti za kupasha nyumba joto. Daraja la A1 hudhibiti mambo kama majivu yasiyozidi asilimia 0.7 na unyevu usiozidi asilimia 10, mambo mazuri kabisa kwa jiko la sebuleni, lakini haliwekwi kwa kuangalia chakula, na linaruhusu misonobari na jamaa zake, miti yenye ulimbo ambao moshi wake haufai kugusa nyama. Mtu anayeuza majiko ya moshi asipolijua hilo, mnunuzi mgeni atamwuliza nani?

Ninachodai hakimgharimu mtengenezaji chochote zaidi ya wino: aandike kila mti uliomo na asilimia yake, aseme kama kuna mafuta ya harufu, na achape tarehe ya kutengenezwa ili tujue mfuko umekaa ghalani muda gani. Kwa sasa sinunui mfuko nisioweza kuubonyeza na kusikia kama ndani ni peleti au ni unga, na peleti zangu zote huzipitisha kwenye chekecheke kabla ya kuzimimina kwenye jiko. Kazi hiyo ilipaswa kufanyika kiwandani.

Kama kuna aliyewahi kuona mfuko wenye asilimia zilizoandikwa waziwazi, naomba auweke hapa. Muuzaji wangu, baada ya mabishano marefu, amekubali kunifidia: amenipa mfuko mwingine bure, wa aina ile ile.