Tupeane uzoefu: Umeumia bandarini au melini, unauguzwa Dodoma. Fidia uliifuatiliaje?

Wanajukwaa, nawasalimu. Naomba uzi huu uwe wa watu wa Dodoma, Singida na wilaya za jirani ambao wao wenyewe, au ndugu zao wa karibu, waliumia katika kazi za bandari au za melini na baadaye wakafuatilia fidia. Vijana wetu wengi huteremka Dar es Salaam na Tanga kufanya ukuli, kufunga makontena na kuendesha foklifti, lakini wakivunjika mguu hawakai huko, kwa sababu mwenye nyumba hasubiri mtu apone ndipo adai kodi. Tangu treni ya reli ya kisasa ianze safari za Dodoma mwaka 2024, mgonjwa anaweza kuruhusiwa hospitalini Dar es Salaam asubuhi na jioni akawa kwa mama yake Chang'ombe ya hapa Dodoma. Ni nafuu kubwa kwake, ila mashahidi, msimamizi wa zamu na daftari la getini vyote vimebaki pwani, na kwa nilivyoona katika miaka yangu ya uofisa utumishi, hapo ndipo madai mengi hudhoofika.

Naweka msingi wa kisheria kwa ufupi ili tuzungumze jambo moja. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF, ambao ulianza kupokea michango Julai 2015 na kulipa mafao Julai 2016. Anayechangia ni mwajiri peke yake, kwa hiyo makato yoyote ya mfuko huo kwenye mshahara wako si halali. Ajali ikitokana na kazi, Mfuko hugharamia matibabu na hulipa asilimia 70 ya mshahara kwa kipindi ambacho mtu hawezi kufanya kazi, kisichozidi miezi 24. Mwenye mshahara wa shilingi 500,000, kwa mfano, hupata 350,000 kwa mwezi. Ulemavu wa kudumu ukipimwa na kuonekana hauzidi asilimia 30, hulipwa kwa mkupuo, na ukizidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Yapo pia mafao ya utengamao, yaani ya kumsaidia majeruhi arudi kazini na kujitegemea, ya mtu anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza, ya mazishi na ya wategemezi. Karibuni.

Kuli Mstaafu, Manyoni

Nashukuru kwa uzi huu. Mimi nilikuwa kibarua wa kupakua mbolea, na aliyekuwa akitulipa ni wakala wa vibarua, si mwenye gati. Siku hiyo slingi, yaani kamba ya kuning'inizia mzigo, ilikatika wakati winchi inashusha mzigo, magunia yakanishukia mguuni na kifundo kikasagika. Wakala aliwahi kufika hospitalini, akalipa kadi na dawa za mwanzo, kisha akasema kwamba kwa kuwa nalipwa kwa siku, mimi si mfanyakazi wake na mkataba wetu uliisha jua lilipozama. Nilipomtuma kaka yangu kwa mwenye gati, alijibiwa kwamba vibarua ni wa wakala.

Kilichonitoa hapo ni vitu vitatu ambavyo wakati ule hata sikuvithamini. Kwanza ni orodha ya gengi, yaani kikundi cha makuli wa zamu moja, aliyokuwa akiiandika karani wa shehena kila zamu, ambayo ilikuwa na jina langu na namba ya meli. Pili ni daftari la getini, kwa sababu hakuna anayeingia bandarini bila kuandikwa. Tatu ni ujumbe wa malipo kwenye simu, kwani wakala alikuwa akinilipa kwa simu, na mfululizo wa malipo yale ulionyesha kwamba nilikuwa kwake muda mrefu, si kibarua wa siku moja. Kaka alinakili vyote kabla sijaondoka Dar es Salaam, na wakala alipoona karatasi hizo alijaza taarifa ya ajali bila ubishi zaidi.

Usumbufu mkubwa ulitoka mahali nisipopategemea. Kwenye kadi ya hospitali daktari wa zamu ya usiku alikuwa ameandika kwamba mgonjwa "ameanguka", bila kusema ameangukia wapi wala akifanya nini. Maneno hayo yalinirudisha Dar es Salaam kwa magongo ili maelezo yakamilishwe. Mwisho nililipwa malipo ya kipindi cha kuuguza, na baada ya mguu kutulia nikapimwa ulemavu na kulipwa kwa mkupuo, kwani kiwango hakikufika asilimia 30. Nilinunua ng'ombe na kufungua duka la pembejeo. Mguu wenyewe unauma kila masika.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Manyoni, pole sana, na asante kwa maelezo kamili. Kuhusu hoja ya kwamba kibarua si mfanyakazi, wenzetu wasome kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004. Kinaeleza mazingira ambayo mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa bila kujali mkataba unamwitaje: kwa mfano, kama kazi yake inasimamiwa na mwingine, kama anapewa vifaa na huyo anayemlipa, au kama amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 bandarini ni zamu chache tu.

Dada wa Baharia, Kondoa

Yangu ni tofauti, kwa sababu kaka yangu hakuumia gatini bali melini, kwenye meli ya mizigo yenye bendera ya nchi nyingine. Kamba ya kufungia meli ilikatika ikampiga mkono, akateremshwa katika bandari ya ng'ambo, akafanyiwa upasuaji, kisha akasafirishwa hadi nyumbani akiwa na begi na bahasha ya picha za eksirei. Wakala aliyempeleka kazini aliacha kupokea simu.

Tulidhani mambo yote ni ya WCF, lakini tulielimishwa kwamba kwa baharia wa meli ya nje njia kuu ni Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2019. Mkataba huo unamtaka mwenye meli agharamie matibabu ya baharia aliyeumia akiwa kazini, na nchi ya bendera, yaani ile meli iliposajiliwa, hata ikiweka ukomo, ukomo huo hauwezi kuwa chini ya wiki 16 tangu siku ya kuumia. Jambo lililotuokoa ni kwamba meli hutakiwa kubandika, mahali ambapo mabaharia wanapaona, cheti cha dhamana ya fedha chenye jina na anwani ya kampuni ya bima. Kaka alikuwa amekipiga picha kwa simu, pamoja na mkataba wake wa ajira, wiki aliyopanda meli. Tuliiandikia bima moja kwa moja, tukamruka wakala. Majibu yalikuja, na mazoezi ya mkono akayafanyia hapa Dodoma kwa gharama zao. Naomba kila mwenye ndugu baharia amwambie apige picha hizo.

Mwanafunzi wa Sheria, Dodoma

Shikamooni wakubwa. Naongeza tahadhari moja. Ukitafuta mtandaoni habari za fidia kwa makuli na mabaharia, nyingi utakazozikuta ni za Marekani, na binamu yangu aliwahi kunitumia kurasa nzima akiniomba nimsaidie kudai kwa kuzitumia. Wenzetu wana sheria ya mwaka 1927 inayowahusu wafanyakazi wa bandarini, inayolipa theluthi mbili ya wastani wa mshahara wa wiki na kumtaka majeruhi atoe taarifa ndani ya siku 30, na wana Sheria ya Jones ya mwaka 1920 inayomruhusu baharia kumshitaki mwajiri kwa uzembe. Hizo hazituhusu. Kwetu mfanyakazi anamjulisha mwajiri mapema iwezekanavyo, mwajiri anapeleka taarifa ya ajali kwenye Mfuko ndani ya siku saba, na madai yanatakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12. Tena sheria hii ya fidia ni ya Tanzania Bara, hivyo aliyeumia Malindi kule Unguja afuate utaratibu wa Zanzibar.

Mvuvi wa Mtera

Na sisi wa bwawani je? Mimi navua kwenye mtumbwi wa tajiri, nyavu ni zake, injini ni yake, na tunagawana samaki baada ya kutoa mafuta. Mwenzetu alijeruhiwa na kiboko na tajiri akampa nauli tu.

Mwanzisha uzi

Swali lako ni gumu kuliko la makuli, kwa sababu mgawo wa samaki humpa tajiri nafasi ya kusema kwamba ninyi ni wabia wake. Vyombo na nyavu kuwa vyake, na yeye kuwa ndiye anayeamua mtoke lini na mrudi lini, vinaelekea upande wenu. Mimi ningemshauri mwenzenu afike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, akiwa na mashahidi, badala ya kubaki na nauli.

Mama wa Mpwapwa

Mume wangu alifariki akiwa kazini kwenye yadi ya makontena. Mwajiri hakuleta ubishi. Ubishi ulikuwa wa nyumbani. Ndoa yetu ilikuwa ya kimila na watoto wawili hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, na shemeji yangu, ambaye kikao cha ukoo kilimteua kusimamia mirathi, alitaka fedha zote zipite kwenye akaunti yake. Nilipofika ofisi ya Mfuko nilielezwa kwamba mafao haya hulipwa kwa wategemezi wenyewe, yaani mimi na watoto, na kwamba ninachotakiwa ni kuthibitisha ndoa na uzazi. Nilianza na mtendaji wa kijiji na wazee walioshuhudia mahari, nikaenda mahakamani kuthibitisha ndoa, kisha nikafuatilia vyeti vya watoto wilayani. Vyeti ndivyo vilivyochukua muda mrefu kuliko vitu vingine vyote. Sasa pensheni inaingia kila mwezi kwenye akaunti yangu, na shemeji tunasalimiana.

Mgeni wa Singida

Poleni nyote. Mdogo wangu ameangukiwa na mlango wa kontena juzi, bado amelazwa Dar es Salaam, na mwajiri anasema ataandika taarifa mdogo wangu akipona. Ni sawa?

Kuli Mstaafu, Manyoni

Si sawa, ndugu yangu. Taarifa haisubiri kupona. Leo hii mtume mtu akasome kadi ya hospitali kama imeandikwa kwamba ameumia kazini, na achukue majina na simu za watu wawili wa gengi lake. Mwajiri akiendelea kuchelewesha, pelekeni habari Mfuko wenyewe. Hata ofisi yao ya Dodoma itawapokea.