Waliopigwa na kunyanyaswa utotoni: mwili ulishasahau? Tupeane uzoefu

Binti_Kibaigwa: Habari za jioni wakuu. Leo nimepita Kizota kununua mafuta ya alizeti pale wanapokamua, ile harufu ya mashudu ya moto imenikuta nikaishiwa nguvu, nimekaa chini kwenye magunia jasho linanitoka, moyo unaenda mbio, kijana wa mashine ananiuliza mama una presha? Nina miaka 37, nina watoto na kazi yangu. Baba mdogo aliyenichukua mama alipofariki alikuwa anafanya kazi kwenye mashine kama hiyo, usiku harufu ilikuwa inatangulia kabla hujasikia mlango, na anakuja na ule mkanda mweusi wa mashine uliokatika, ndio ilikuwa fimbo yetu. Kosa lenyewe unakuta mboga imeungua. Alishakufa zamani lakini mpaka leo siwezi kulala mgongo umeelekea mlangoni, mume akinigusa usingizini naruka. Waliopitia haya mlifanyaje? Matusi hapana jamani.

Funguo: Mimi ni mlio wa funguo. Naishia hapo.

Mzee_Mpwapwa: Sisi tulichapwa nyumbani, tukachapwa shule, jirani naye alikuwa anachapa, na tumekuwa watu. Siku hizi kila kitu ugonjwa.

Mama_wa_Nkuhungu: Shikamoo mzee, ila dada hajasema kuchapwa, amesema yatima anapigwa na mkanda wa mashine usiku kwa usiku. Hivi wanao ukirudi nyumbani wanakukimbilia au wanakukimbia?

Mzee_Mpwapwa: Wanangu usiwaingize humu.

Nesi_Mstaafu: Mzee, mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa ukatili kwa watoto nchi nzima, matokeo yakatoka 2011: karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walipitia ukatili wa kimwili kabla ya miaka 18, na wasichana karibu 3 kati ya 10 ukatili wa kingono. Wavulana nao, kama mmoja kati ya 7. Kwa hiyo wengi kweli walipitia, lakini wengi kupitia sio kwamba haikuumiza. Binti, hiyo inaitwa PTSD, kiwewe kinachobaki. Ubongo wa mtoto ulijifunza kwamba harufu ile ni hatari, na haujaambiwa kwamba hatari imeisha, ndio maana mwili unakimbia wakati wewe umekaa. Kwa waliofanyiwa miaka mingi utotoni kuna aina yake nzito zaidi, Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022: juu ya ndoto na kushtuka unakuta mtu anajidharau, hasira haishikiki, kumwamini mtu hawezi. Haina maana umerogwa.

Mwana_Mvumi: Nimesoma hii mikono inatetemeka, ngoja niseme. Mimi ni mwanaume. Aliyenifanyia ni mjomba, nilikuwa darasa la tatu, alichofanya sitaeleza, mwenye kujua ameshajua. Nilimwambia bibi akanizaba kibao, akasema nisiaibishe ukoo. Mwaka juzi mjomba akafa, na kwa kuwa mimi ndio nina kazi nikaambiwa jeneza ni juu yangu. Nikanunua. Makaburini wakasema aliyelelewa na marehemu aje atoe neno, watu wananisukuma mbele. Nimeshika maiki naona midomo ya watu inacheza lakini sisikii kitu, niko kwenye kile chumba cha kuwekea mtama, naona mpaka mwanga unaoingia kwenye tundu la bati. Sijui nilisimama vile muda gani, nikajisikia tu nasema huyu mtu aliniharibu nikiwa mtoto na bibi anajua. Maiki wakaninyang'anya, shangazi anapiga mayowe. Binamu yangu mmoja wa kike alikuwa amekaa na akina mama, akainuka akaja kusimama pembeni yangu, hakusema neno. Nikaelewa sikuwa peke yangu. Nisiwadanganye, baada ya pale ndoto zilizidi, hazikupungua.

Mama_wa_Nkuhungu: Mungu wangu. Binamu yuko wapi sasa?

Mlokole_AreaC: Pole sana ndugu, ila marehemu hasemwi vibaya. Samehe uwe huru.

Funguo: Wewe msamaha unaugawa kama pipi. Ulilala ndani ya kile chumba?

Mlokole_AreaC: Na mimi nilifanyiwa. Nilisamehe na nikapona, usinisemee.

Funguo: Basi samahani. Mimi sijaweza.

Shamba_Hombolo: Mimi nililima zabibu. Msimu wa kupogoa nikishika mkasi hasira zote zinaishia kwenye matawi, mke wangu anasema nikimaliza shamba ndio naongeleka. Jaribuni.

Mama_wa_Nkuhungu: Hapa mtaani kwetu kuna mtoto analia kila usiku, naanzia wapi?

Nesi_Mstaafu: Piga 116, ni bure. Au nenda dawati la jinsia na watoto pale polisi. Usisubiri akue aje kuandika humu.

Mwana_Mvumi: Binamu yuko Kondoa, hatujaongea toka msiba. Simu naishika naiweka.

Binti_Kibaigwa: Kaka pole, mpigie hata umsalimie tu. Nesi, swali langu bado. Nikionekana naingia Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, si mtaa mzima utasema nimechizika? Tumekua tunatukanana "nenda Mirembe".

Nesi_Mstaafu: Mirembe wanahudumia na wagonjwa wa nje, unaonwa unarudi nyumbani kupika. Ukiona shida anzia kituo cha afya, lakini usiseme kichwa kinauma, watakupa panadol. Sema nashtuka usiku, naona ya zamani kama yanatokea leo, nilipigwa nikiwa mtoto. Tiba kubwa ni mazungumzo ya utaratibu na mtu aliyesomea, unarudi kwenye lile tukio kidogo kidogo ukiwa salama. Dawa zipo kwa wengine, zile za sonona mara nyingi, na usiziache ghafla ukijisikia nafuu. Pombe usiigeuze dawa, utalala leo kesho ndoto zinarudi na hasira.

Mzee_Mpwapwa: Nimesoma ya huyo kijana wa Mvumi. Pole mwanangu.

Funguo: Nesi, na kama mtu hataki kufungiwa mlango wakati anaongea na daktari?

Nesi_Mstaafu: Mwambie kabla hujakaa. Mlango ubaki wazi, na kiti chagua mwenyewe.