Naomba ushauri: nimejenga GCC mpya kwenye Debian, sasa apt haifanyi kazi

Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga, Ngamiani, nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi. Kompyuta ya kazi inatumia Debian 12 (mfumo wa Linux), iliyokuja na GCC 12.2, yaani kompaila, ile inayogeuza msimbo kuwa programu. Kuna programu ilitaka kompaila mpya zaidi, nikapakua GCC 13.2 na kuijenga mwenyewe. Ikakaa /usr/local, vizuri tu. Kiherehere kikaja baadaye: nikafuta laibrari ya C++ ya mfumo, libstdc++.so.6.0.30, kwenye /usr/lib/x86_64-linux-gnu, nikidhani ile 6.0.32 iliyoko /usr/local/lib64 itashika nafasi yake. Haikushika.

Sasa apt, ile ya kusakinisha programu, inalalamika haioni libstdc++.so.6. LibreOffice ndiyo kabisa, haifunguki. Bash, ls na cp ziko salama, hata dpkg inaitika. Nimejaribu kuielekeza apt kwenye laibrari mpya kwa LD_LIBRARY_PATH=/usr/local/lib64, ikaamka, lakini nikitanguliza sudo (ya kupata ruhusa za msimamizi) yanarudi yaleyale. Mashine sijaizima tangu jana, naogopa ikigoma kuwaka, na kuna mtu anasubiri barua yake ya maombi ya kazi.

Naombeni mnisaidie hapa: niiandike /usr/local/lib64 ndani ya /etc/ld.so.conf.d (kunakoorodheshwa folda za laibrari), niendeshe ldconfig ili orodha isomwe upya, halafu apt install --reinstall libstdc++6? Au ni salama zaidi kuwasha kwa flashi ya Debian na kurudisha faili la zamani kutoka humo?

Na nikishapona, GCC 13 naiachaje ikae pembeni bila kugusa laibrari za mfumo? Hiyo programu bado naihitaji.

Natanguliza shukrani.