Wezwanie limepelekwa anwani ya zamani, ombi la karta limeachwa

Binti Korogwe, Jumatatu 14 Oktoba 2024, saa 2 usiku

Habari za jioni ndugu zangu mliopo Poland.

Leo nimepokea barua ya idara ya wageni ya ofisi ya mkoa. Ombi langu la karta pobytu (kadi ya ukaazi) "pozostawiono bez rozpoznania", yaani limeachwa bila kushughulikiwa, kwa kuwa sikuitikia wezwanie (barua ya wito) la kwenda kutoa alama za vidole. Wezwanie lenyewe sijaliona kwa macho. Wanasema tarishi wa posta aliacha awizo (kikaratasi cha kukuita posta kuchukua barua) mara mbili, siku 14 zikapita, kwa hiyo inahesabika nimelipokea. Lakini wamelipeleka nilikokuwa nakaa zamani! Nilihama mwezi wa saba na wiki hiyohiyo nikawapelekea anwani mpya kwa maandishi. Nakala ninayo, ina muhuri wao wa kupokea.

Nimekwenda dirishani. Mama aliyekuwa zamu akaitazama nakala yangu, akairudisha chini ya kioo, akasema niandike, kisha akabonyeza namba inayofuata. Niandike nini, hakusema.

Viza yangu ya D (ya kukaa muda mrefu) inaisha tarehe 25 mwezi huu. Załącznik nr 1 (fomu ya kazi) mwajiri alishajaza, ZUS (bima ya jamii) inalipwa, mkataba wa nyumba upo. Mliopitia haya nisaidieni mambo mawili: kupinga hili, niandike zażalenie au kitu gani? Na tarehe 26 nikiingia zamu, nitakuwa nafanya kazi kihalali? Msimamizi wangu ameshaanza kuuliza stempel (muhuri wa kwenye pasipoti kwamba ombi limepokelewa) iko wapi.

Fundi wa Gdynia, Jumatatu, saa 3 usiku

> niandike zażalenie au kitu gani?

Pole sana dada. Andika zażalenie, una siku saba tu, usizichezee. Humohumo omba przywrócenie terminu, yaani kurejeshewa muda, uwaeleze kwamba kosa si lako.

Mimi yalinikuta mwaka 2019. Tulikuwa tunakaa mafundi watupu kwenye nyumba moja, kisanduku cha barua kina jina la mwenye nyumba peke yake. Tarishi haoni jina lako, anaondoka. Nikaandika majina yetu yote kwa kalamu ya wino mzito, nikabandika na selotepu. Mwenye nyumba akabandua, anaogopa watu wa kodi wasijue anapangisha. Tukabandika tena, akabandua tena. Mwishowe nikakodi skrytka pocztowa, kisanduku palepale posta, nikawaandikia mkoa kwamba barua zangu zije huko. Mpaka leo za ZUS na za kodi ya PIT zinakuja huko. Kila aliye chumba cha kupanga humu afanye hivyo, na afanye wiki hii.

Mzee wa Lublin, Jumanne 15 Oktoba, saa 12 asubuhi

Fundi, usimpoteze binti wa watu.

Kuachwa bila kushughulikiwa si decyzja (uamuzi) wala postanowienie (agizo), kwa hiyo hakuna zażalenie hapo. Akiliandika litazunguka na viza itakuwa imekwisha. Kinachoandikwa ni ponaglenie, kifungu cha 37 cha KPA, sheria ya mwenendo wa ofisi za serikali: unalalamika kwamba ofisi ina ombi halali mkononi na hailifanyii kazi. Linaelekezwa kwa Mkuu wa Urząd do Spraw Cudzoziemców (ofisi kuu ya wageni) kule Warszawa, ila linapitia ofisi hiyohiyo ya mkoa, nayo ina siku 7 za kulipeleka. Halina ada. Likikwama ndipo unakwenda WSA, mahakama ya utawala.

Wala usiombe kurejeshewa muda. Anayeomba kurejeshewa muda amekubali kwamba barua ilimfikia kisheria na yeye akachelewa. Kifungu cha 41 kinambana asiyetaarifu anapohama. Wewe ulitaarifu, na muhuri wao wenyewe unakushuhudia. Simama hapo, usibanduke.

La muhimu kuliko yote, peleka ombi JIPYA kabla ya tarehe 25, kwa rejista. Ukituma kwa posta tarehe inayohesabika ni ya muhuri wa posta, si siku watakayofungua bahasha. Risiti ya posta itunze pamoja na pasipoti.

Fundi wa Gdynia, Jumanne, saa 1 asubuhi

> usimpoteze binti wa watu

Shikamoo mzee. Nilichoandika nilikifanya na kikafaulu. Wakili aliniandalia hiyo przywrócenie, na karta nikapata. Vifungu unavijua, sibishi, lakini wewe una stały pobyt (ukaazi wa kudumu) miaka mingi, hujasimama kwenye ile foleni siku za karibuni. Na ombi jipya ni zloti 440 nyingine. Huyu dada analipwa kwa saa. Kwa nini alipe mara mbili kwa kosa la ofisi?

Mwanafunzi wa Wrocław, Jumanne, saa 4 asubuhi

Shikamooni wakubwa, samahani kwa kuingilia. Hiyo ada si 340? Mimi nililipa 340. Pia nauliza, stempel inatosha kusafiria? Viza yangu iliisha Septemba, nina stempel tu, na pasipoti yangu inaisha Januari. Nataka kwenda ubalozini Berlin.

Mkenya wa Poznań, Jumanne, saa 6 mchana

340 ni ya masomo, ya kazi ni 440. Tafadhalini, mtu aseme ni ya nini kabla ya kutaja pesa, huyu dada akilipa pungufu atatumiwa wezwanie lingine tena.

Kwangu mimi shida ilikuwa meldunek, usajili wa anwani. Mama mwenye nyumba alikataa katakata kunisajili, akidhani nikishasajiliwa hataweza kunitoa. Bila meldunek sina PESEL (namba ya utambulisho), bila PESEL sina Profil Zaufany (akaunti ya huduma za serikali mtandaoni), na kule kliniki wananiambia mfumo haunioni ingawa mwajiri ananikatia NFZ, bima ya afya, kila mwezi. Nilikuwa nimelala na homa nikijiuliza kwa nini nilitoka Kisumu.

Mzee wa Lublin, Jumanne, saa 8 mchana

PESEL haihitaji meldunek. Unaiomba kwenye urząd (ofisi) ya mji ukitaja sheria inayokulazimu kuwa nayo. Jambo hili limeandikwa humu mara nyingi, na kila mwaka mgeni anateseka kwa sababu hakuna anayesoma ya nyuma.

Mama Mapacha, Jumanne, saa 4 usiku

Binti Korogwe, pole mdogo wangu. Vifungu nawaachia wenyewe. Mimi nataka kukuambia habari ya majirani, maana barua za nchi hii zinapitia kwa majirani kuliko mnavyodhani.

Hapa mgeni ndiye anayeanza kusalimia. Unasema dzień dobry ngazini, kwenye lifti, hata ukiingia kwa daktari ukakuta watu vitini, unawasalimia wote halafu unauliza wa mwisho nani, unajua unamfuata yupi. Usipouliza utakaa mpaka jioni na hakuna atakayekusemesha. Vijana wetu wengi wanaona nyuso zimefungwa, wanainamia simu, mwaka unaisha hawamjui hata wa mlango wa pili. Wapo wanaotuchukia, sikatai. Nimewahi kutupiwa maneno kwenye tramu nikiwa na wanangu wawili, mmoja mgongoni, mmoja mkononi, na gari zima likatazama dirishani. Hilo sijalisahau na sitalisahau.

Lakini bibi wa chini kwangu! Miezi mizima ilikuwa dzień dobry pani, naye anaitikia kwa kichwa. Siku ya Tłusty Czwartek, Alhamisi ya kula kabla ya Kwaresima, akagonga, ana pączki, maandazi yao, kwenye sahani iliyofunikwa kitambaa. Sahani ya mtu hairudi tupu, kesho yake nikaijaza mandazi ya iliki. Akala moja palepale mlangoni, amesimama na kandambili zake za sufi, akaniuliza ni kiungo gani hiki. Tangu siku hiyo tarishi akinikosa anampelekea yeye. Jirani anaruhusiwa kupokea barua ya rejista akikubali kukukabidhi, sheria inasema hivyo, Mzee atanisahihisha. Wezwanie langu la alama za vidole alilipokea yeye, nikalikuta juu ya meza yake chini ya bakuli la sukari, nami nikafika kwa siku niliyopangiwa.

Halafu akanitolea picha ya dada wa mama yake akiwa msichana. Vibanda vya duara vyeupe, paa za nyasi, na nyuma yake Mlima Meru. Mimi ni mtoto wa Usa River, ule mlima naujua kutoka kila upande. Nikamwambia bibi, hapa ni Tengeru! Akakaa chini. Vita vya pili Wapoland kama elfu tano walihifadhiwa pale, wengi wao akina mama na watoto, watu ambao Urusi iliwang'oa makwao ikawapeleka Siberia, wakatoka huko wakapitia Iran mwaka 1942 mpaka kwetu. Makaburi yao yapo Tengeru hadi leo. Vijana wa hapa wengi hawajui, na sisi hatuwaambii. Mimi nawaambia. Kwenye mkutano wa wazazi shuleni niliwaambia kwa Kipolandi changu hikihiki cha kuungaunga, kwamba babu zenu wamelala kwetu na tunawafagilia.

Mkenya wa Poznań, Jumanne, saa 5 usiku

Mama umenena. Na si Tengeru pekee. Uganda walikaa Koja na Masindi, kule Masindi kanisa walilojenga bado linasimama.

Mzee wa Lublin, Jumatano 16 Oktoba, saa 12 asubuhi

Mama Mapacha hana la kusahihishwa, jirani anaruhusiwa, ni kifungu cha 43.

Mimi nilifika Łódź mwaka 1984 kwa udhamini wa masomo, mwaka mzima wa lugha kwanza kwenye Studium, nyama ikiuzwa kwa kartki, kuponi za mgao. Bibi wa kwanza kunisalimia alikuwa mbele yangu kwenye foleni ya nyama, na alinishikia nafasi nilipokwenda darasani. Kwa hiyo haya unayosema nayajua tangu enzi hizo.

Tarehe 1 Novemba, siku ya Watakatifu Wote, inakuja. Mama yangu amelala Bukoba na sikuweza kumzika. Kila mwaka nanunua znicz (mishumaa ya makaburini) mbili, yake na ya baba, nawasha chini ya msalaba mkubwa wa makaburini, mahali wanapowashia watu ambao wafu wao wako mbali. Ni saa ya baridi kali, lakini makaburi yote yanawaka na watu wamejaa na watoto wao. Anayekaa Lublin na ana mtu wake aliyemzika kwa simu, aniandikie, twende pamoja.

Binti Korogwe, Jumatano, saa 3 usiku

Asanteni sana wote. Mzee, nimefuata yako. Leo nimetuma ponaglenie pamoja na nakala yenye muhuri, na ombi jipya kwenye bahasha yake, vyote kwa rejista. 440 nimekopeshwa na dada mmoja wa kazini. Fundi, skrytka nimeulizia. Naomba mnijibu lile la pili. Tarehe 26 niende kazini au nisiende?

Fundi wa Gdynia, Jumatano, saa 4 usiku

Nenda. Ombi jipya umelituma ndani ya viza, uko kihalali.

Mkenya wa Poznań, Jumatano, saa 4 usiku

Kukaa ni jambo moja na kufanya kazi ni jambo lingine. Mwambie mwajiri aangalie zezwolenie (kibali) yake ya kazi inaishia lini. Straż Graniczna (askari wa mpaka) wakija kiwandani wanamuuliza yeye kwanza, kisha wewe. Mzee aseme, yeye anavijua hivi vifungu. Mzee, kwani wewe miaka yote hiyo bado hujachukua uraia wao?

Mzee wa Lublin, Alhamisi 17 Oktoba, saa 12 asubuhi

> bado hujachukua uraia wao?

Nichukue nipoteze wangu? Poland haimlazimishi mtu kuacha wa kwao. Wanaolazimisha ni kwetu. Sheria ya uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na nchi mbili. Nina cheti cha lugha, nina miaka, nina kila kitu, na nikiuchukua wa hapa nitaingia Bukoba kwa viza kwenda kufagia kaburi la mama yangu. Ninyi Wakenya katiba yenu ya 2010 iliwamalizia jambo hili.

Fundi wa Gdynia, Alhamisi, saa 2 asubuhi

Kwenye hili niko na Mzee asilimia mia. Tunaahidiwa hadhi maalum kila kiongozi akikutana na diaspora. Hadhi maalum haipigi kura. Pesa tunazotuma zinapokelewa, sisi wenyewe tunaambiwa tusubiri. Rais wa Poland mwenyewe alikuja Dar Februari mwaka huu, ubalozi wao upo pale, wa kwetu huku haupo. Mtanzania wa Rzeszów akipoteza pasipoti anakwenda nchi ya watu wengine kuifuata!

Mama Mapacha, Alhamisi, saa 3 usiku

Wanangu wamezaliwa hapa, wanaongea Kipolandi kuliko Kiswahili. Wakifika miaka 18 tutawaambia wachague nchi ya mama au ya baba? Nalala na hili kila siku.

Kuhusu Berlin, naenda na gari Ijumaa ya tarehe 25 kushughulikia pasipoti yangu. Natokea Poznań alfajiri, nafasi zipo tatu.

Mwanafunzi wa Wrocław, Alhamisi, saa 3 usiku

Mama naomba nafasi moja, nitachangia mafuta. Nitalala Poznań kwa rafiki.

Mkenya wa Poznań, Alhamisi, saa 4 usiku

Wrocław, USIENDE. Umesema viza imeisha na una stempel tu. Stempel inakuweka kihalali ndani ya Poland, haikuvushi mpaka, na Wajerumani wanakagua magari upande huo tangu Oktoba mwaka jana. Watakurudisha, na Mama Mapacha utamwingiza matatani na watoto wake. Waandikie mkoa kesho kwamba pasipoti inaisha Januari, ambatisha nakala, omba waharakishe karta. Weka namba ya jalada juu kabisa, upande wa kulia. Ukikwama kwenye Kipolandi nitumie, nitaisoma.

Mama, hiyo nafasi naichukua mimi. Ninakaa karibu na stesheni.