Wanatuita kwa "bure", tukishahamia wanaweka kufuli: haya matoleo ya kulipia ya programu huria yametuchosha

Wakuu, leo sina salamu ndefu, nimevurugwa.

Kuna duka la vifaa vya ujenzi nalihudumia mambo ya kompyuta. Tulihama kutoka Excel kwenda kwenye programu ya ankara na stoo ambayo jina lake siliweki, mods wasije wakaufuta uzi. Kwenye ukurasa wao wamejisifu kwa herufi kubwa: programu huria, bure. Yaani msimbo wake (maandishi yanayoiunda programu) uko wazi, yeyote auone, aubadili na kuugawa. Tukaingiza kila kitu, wateja, madeni, bei za nondo na saruji, makarani wakazoea. Likatoka toleo jipya lenye marekebisho ya usalama, yale ambayo huwezi kuyaruka, nikasasisha usiku duka likiwa limefungwa. Asubuhi karani anafungua ripoti ya madeni ya wateja, anakuta kakufuli ka njano pembeni ya menyu. Ukibofya, unaambiwa hiyo sasa ni ya toleo la Enterprise, lile la kulipia.

Ripoti ileile jana yake ilikuwepo! Data ni zetu, ziko kwenye seva yetu iliyo chini ya meza ya huyohuyo karani, halafu tunadaiwa hela ili zijumlishwe. Na bei yenyewe sasa: kwa dola, kwa kila mtumiaji, kwa kila mwezi, ila unalipa mwaka mzima kwa mkupuo. Makarani wanaopokezana zamu kwenye kompyuta moja kila mmoja anahesabiwa kichwa chake. Hata ile kumbukumbu ya nani kafuta ankara gani wameipeleka upande wa kulipia. Yaani kujua nani anakuibia dukani kwako ni anasa.

Najua kuna mtu ataruka hapa na "watengenezaji nao wanakula". Wale, nani kakataa? Richard Stallman mwenyewe, mwanzilishi wa vuguvugu la programu huria, mwaka 1985 alikuwa anauza kanda za Emacs, programu yake ya kuandikia, kwa dola 150. Leseni ya GPL, ile aliyoiandika yeye kwa ajili ya programu huria, inaruhusu kabisa kuuza. Tofauti ni kwamba aliyenunua ile kanda alipata msimbo wote, na haki ya kuubadili na kumgawia jirani. Mimi nikilipa hapa napata kitu nisichoruhusiwa kukichungulia ndani, na mwaka ukiisha bila kulipa, kufuli linarudi. Huko ni kukodi, na waseme ni kukodi basi, waache kujipaka neno huria usoni.

Kinachoniuma zaidi ni wale waliochangia bure. Mmoja katafsiri menyu, mwingine karekebisha hitilafu ya VAT, wengine wamejibu maswali ya wageni miaka na miaka. Miradi mingi ya namna hii, kabla kazi yako haijapokelewa, inakutaka ukubali mkataba wa wachangiaji unaoipa kampuni uwezo wa kuitoa kazi hiyo kwa leseni yoyote itakayoitaka baadaye. Watu wanabofya "nakubali" bila kusoma. Hapo ndipo mchezo unapoisha. Kernel ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, haina mkataba wa hivyo. Hakimiliki imetawanyika kwa maelfu ya watu, kwa hiyo hakuna bosi anayeweza kuamka asubuhi akaifunga.

Na msidhani ni vikampuni vidogo tu. Elastic, wenye programu ya kutafuta data ya Elasticsearch, mwaka 2018 waliahidi kwa maandishi kwamba msimbo wao wa leseni ya Apache, ambayo ni huria, hawatabadilisha leseni yake kamwe. Januari 2021 wakabadilisha, wakaweka leseni zenye masharti zaidi. HashiCorp wakafanya hivyohivyo Agosti 2023 kwa Terraform, programu yao ya kuandaa seva, watu wakakasirika wakachukua msimbo wa zamani na kuanzisha OpenTofu. Redis, wenye hifadhidata ya jina hilohilo, nao Machi 2024, na ndani ya siku chache tu tawi lake huria, Valkey, likazaliwa. Baadaye Elastic na Redis wote wawili wakarudi na leseni huria ya AGPL, wakati watu walishaondoka.

Utetezi wao siku zote ni Amazon: eti majitu ya mawingu (kampuni kubwa zinazokodisha seva mtandaoni) yanachukua kazi yao na kuuza huduma bila kurudisha kitu. Hoja hiyo naipa uzito, wala sina huruma na Amazon. Ila sisi tunaouza nondo na misumari siyo Amazon. Mbona kufuli limewekwa kwetu?

Na usiniambie "chukua msimbo wa zamani uanzishe tawi lako". OpenTofu na Valkey wako chini ya Linux Foundation, shirika lisilo la faida linalolea miradi huria, na kampuni kubwa nyuma yao zinalipa mishahara. Programu ya ankara ya duka la mtaani nani atakaa usiku kuziba matundu yake ya usalama? Mimi? Peke yangu, na kazi nyingine ninazo?

Kwa sasa ripoti ya madeni naitoa kwa kuandika amri za SQL (lugha ya kuuliza data) moja kwa moja kwenye hifadhidata na kumtumia tajiri kwa WhatsApp kila Jumamosi. Inafanya kazi, lakini nikiugua hakuna wa kuitoa.

Aliyeko humu anayetumia programu ya ankara na stoo ambayo haimilikiwi na kampuni moja, aitaje hapa, na aseme kabisa madeni ya wateja anayatoaje na kama inakubali bei za jumla na rejareja kwa bidhaa moja. Wauzaji mnaonyemelea na "njoo PM nikupe punguzo la Enterprise", piteni kushoto.